Umeme Ukirudi Usiku

Umeme ukikatika saluni, sauti zote hufa kwa pamoja. Redio inanyamaza, feni inajizungusha mara mbili tatu za mwisho, na draya iliyokuwa ikivuma kichwani mwa mteja inabaki mzigo tu mkononi mwa msusi. "Haya, wameshachukua," atasema mmoja. Mteja mwenye nywele zilizoloa ataambiwa, "Vumilia kidogo dada yangu, huenda ukarudi sasa hivi," na baada ya nusu saa atajifunga kilemba na kuahidi kupita kesho. Msusi naye ataiweka draya juu ya kiti, pengine juu ya taulo, afunge mlango aende zake. Katika haraka hiyo jambo moja husahaulika kwa urahisi sana: kurudisha swichi ya draya kwenye sifuri na kuchomoa plagi ukutani. Draya imepoa, imekaa kimya, inaonekana imezimwa. Kumbe bado imewashwa, na kinachokosekana ni umeme tu.

Saa nane usiku umeme unarudi.

Tukizungumzia usalama wa umeme nyumbani, wengi wetu tunawaza kupigwa shoti. Ni kweli shoti inaua, na nitafika huko. Lakini kwa mtu anayeishi mahali ambapo umeme huenda na kurudi bila kupiga hodi, naamini saa ya kuogopa zaidi ni ile ambayo umeme haupo, kwa sababu hapo ndipo tunapoacha vifaa vya joto vikiwa vimewashwa bila kujua. Draya, pasi, hita ya kuchemshia maji, jiko la umeme: vikikosa umeme vyote hupoa, na umeme ukirudi vyote huanza kazi pale pale vilipoachia, awepo mtu au asiwepo. Mama zetu waliopiga pasi ya mkaa walikuwa na uhakika ambao sisi hatuna. Pasi yao ikipoa, imepoa. Majivu hayawaki tena yenyewe usiku wa manane. Pasi ya umeme iliyolazwa juu ya shati kwa sababu "umeme umekatika" inaweza kufika nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi kabla mwenye nyumba hajageuka kitandani.

LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nayo imetuletea namna ya pili ya ajali hiyo hiyo, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Uniti zinakwisha asubuhi, mama yumo katikati ya kupiga pasi sare za watoto. Anaiacha pasi, anawahi kazini. Mchana ananunua uniti kwa simu, anazituma nyumbani kwa ujumbe, na mtoto aliyetoka shule anapanda kwenye kigoda kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita. Mita inakubali, taa zinawaka, mtoto anatoka kwenda kucheza. Hakuna aliyekosea hatua yoyote anayoweza kuiona. Chumbani, pasi imeanza kazi.

Chukua mahali kama Puge. Ni kata ya Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, karibu nusu ya njia kati ya mji wa Nzega na Tabora mjini, kwenye barabara ya lami inayoiunganisha Tabora na Nzega na, ukiendelea mbele, na Shinyanga na Mwanza. Miji midogo ya barabarani ya namna hii huota biashara ndogo ndogo mara tu nguzo za umeme zinapofika: vinyozi, saluni za kina mama, wachomeleaji, wauza vinywaji baridi. Saluni ndiyo inayokusanya umeme mwingi katika chumba kidogo kuliko zote. Mna draya ya mkono, draya ya kukalia, jagi la kuchemshia maji ya kuoshea nywele, pasi ya nywele, na maji yanatiririka sakafuni siku nzima.

Nchi hii ya Tabora iliufahamu waya zamani sana kabla ya umeme. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, ambako Richard Burton na John Speke walifika Novemba 1857 wakipaita Kazeh, ilibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba. Henry Morton Stanley, alipokuwa akinunua bidhaa za safari yake ya mwaka 1871, aliambiwa kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kwa thamani ya dhahabu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliubeba mabegani ukiwa umeviringishwa, na mafundi wa bara waliugeuza bangili na vikuku. Leo waya umerudi kwa kazi nyingine. Umeme wa gridi huja Tabora kutoka upande wa Shinyanga kwa njia ya kilovolti 132, unashushwa hadi kilovolti 33 ili usambazwe vijijini, kisha transfoma ya mtaani inaushusha tena hadi volti 230 zinazoingia nyumbani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ndio uliofikisha nguzo katika vijiji vingi vya namna hii. Nyaya za nguzoni ni za aluminiamu, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Shaba inaanza kazi ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ndipo usalama unapoachwa mikononi mwetu.

Umeme huo ni baraka, nami sitaki mtu asome makala haya akaogopa akarudi kwenye kibatari. Agosti 2009 wanafunzi 12 wa Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, walikufa bweni lilipoungua usiku, na chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa. Balbu isingefanya hivyo. Ila kila chombo kina tabia yake, na anayekitumia kila siku anastahili kuijua.

Tuifungue draya, basi. Ile iliyokwisha kufa, iliyochomolewa, ambayo huna mpango wa kuitumia tena. Utakuta waya mwembamba uliokunjwakunjwa na kuzungushiwa vibao vyeupe vinavyong'aa. Waya huo ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906. Kabla yake, waya wowote uliopashwa moto hadi kuwa mwekundu ulikuwa ukiungua na kukatika mapema. Kromiamu iliyomo kwenye nikromu huungana na hewa na kufanya utando mgumu unaouzuia waya usiendelee kuliwa, na waya wenyewe hauyeyuki mpaka joto lifike kama nyuzi 1,400. Vile vibao vinavyong'aa ni ulanga, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, yasiyoungua na yasiyopitisha umeme. Wajerumani waliyachimba katika Milima ya Uluguru, Morogoro, enzi za ukoloni wao. Nyuma ya vyote mna mota ndogo na feni.

Draya ya wati 1,800 hutoa joto linalotosha kuchemsha lita moja ya maji kwa takriban dakika tatu. Joto hilo lote linatoka kwenye kijumba cha plastiki unachokishika mkononi bila kuungua, na kinachokuokoa ni kimoja tu: upepo. Feni inavuta hewa baridi kwa nyuma, inaipitisha juu ya nikromu, na hewa inalibeba joto nje kabla halijaigusa plastiki. Ziba njia ya hewa, nyuma au mbele, na dakika hiyo hiyo umebaki na jiko ndani ya boksi la plastiki.

Ndiyo maana matundu ya nyuma yana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saluni ina nywele zilizokatika, pamba, vumbi la barabarani na mafuta ya nywele yanayopeperuka. Vyote hivyo vinajikusanya kwenye chujio la nyuma mpaka upepo unapungua kidogo kidogo, na msusi anaona tu kwamba draya "imekuwa kali siku hizi". Ukali huo ni dalili ya ugonjwa. Chomoa, subiri ipoe, sugua chujio kwa mswaki mkavu. Kazi ya dakika mbili, mara moja kwa wiki. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua wakati hakuna nywele karibu na mdomo wa draya, zima hapo hapo.

Watengenezaji walijua hewa itazibwa, wakaweka walinzi wawili. Wa kwanza ni kibati kilichounganishwa kwa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti: joto likizidi kinajipinda na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Wa pili ni fyuzi ya joto, inayokatika mara moja tu na hairudi tena. Sasa rudi kwenye draya iliyolala juu ya taulo saa nane usiku, mdomo umezibwa. Kibati kinakata, kinapoa, kinawasha, kinakata tena. Kikiwa kizima kinaweza kuilinda saluni hadi asubuhi. Lakini hakikutengenezwa kurudia kazi hiyo usiku kucha, kila siku umeme unapokatika, kwa miaka. Ncha zake zinaweza kuungua na kushikana moja kwa moja, na hapo inabaki fyuzi peke yake. Kama draya ilishapita kwa fundi wa mtaani akaikuta fyuzi imekatika, akaunganisha waya juu kwa juu ili "ifanye kazi", hakuna tena mlinzi wa kuizuia. Ukiona fundi anaruka fyuzi ya joto, mkatalie, hata kama bei yake ni nzuri.

Kuna draya nyingine hatari kuliko zote, nayo huja kwa upendo. Ndugu aliyeko Marekani anamtumia dada yake draya nzuri ya kisasa. Umeme wa majumbani kule ni volti 120. Watu wengi hufikiri draya hiyo ikichomekwa kwenye volti zetu 230 itapata nguvu karibu mara mbili. Sivyo. Nguvu ya waya wa joto hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo draya iliyoandikwa wati 1,500 itajaribu kutoa zaidi ya wati 5,000 na kuvuta kama ampea 24. Itavuma kwa kishindo, itatoa mwali mdomoni, na hayo yote mkononi mwa mtu aliyeielekeza kichwani. Kibadilisha plagi kinachouzwa dukani hubadilisha umbo la miguu tu, hakigusi volti. Soma kibandiko: kikisema 120V peke yake, kifaa hicho hakina kazi hapa, kikisema 100–240V, au kikiwa na kitufe cha kuhamisha volti kilichowekwa kwenye 230 au 240, hapo sawa. Vya Japani ni volti 100, kwa hiyo vya mitumba kutoka huko ni vibaya zaidi.

Hesabu hiyo hiyo ya mraba inaeleza malalamiko ya jioni vijijini, "umeme upo lakini draya haikaushi". Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu inaweza kupata volti 180 badala ya 230, na draya ya wati 1,800 hapo hutoa wati 1,100 tu. Kwa draya si hatari, ni uvivu. Friji ndiyo inayoumia, kwa sababu mota yake ikikosa volti za kutosha inashindwa kuzunguka huku ikiendelea kuvuta mkondo mkubwa hadi inaungua. Vile vifaa vya kulinda friji vinavyokata umeme ukiwa chini au juu mno na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha vina thamani ya fedha yake.

Sasa tuziangalie nyaya. Mpagazi wa njia ya Tabora alikuwa na mzigo wake unaojulikana, kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Umzidishie naye angeanguka njiani. Waya nao una mzigo wake, tofauti ni kwamba ukizidiwa hauanguki, unapata joto. Joto hilo James Joule alilipima miaka ya 1840 na kukuta kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ambao ndio uliomo katika eksitensheni nyingi za bei ya chini, unafaa kwa ampea 6, sawa na wati 1,400 hivi. Draya moja ya wati 1,800 tayari imeuzidi. Ongeza jagi la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye eksitensheni hiyo hiyo: jumla wati 5,000, karibu ampea 22. Waya huo unapata joto zaidi ya mara kumi na tatu ya lile uliloandaliwa kulivumilia. Na kama umebaki umeviringishwa ili usisumbue miguu, joto hilo halina pa kutokea.

Wengi watasema, si kuna sakiti breka? Ipo, lakini inalinda waya uliomo ukutani. Breka ya ampea 32 inaziona ampea 22 kuwa kazi ya kawaida kabisa, haina habari kwamba baada ya soketi kuna kiwaya cha ampea 6 kinachoyeyuka nyuma ya kochi. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi nayo inaweza kuzivumilia ampea 20 kwa muda mrefu kabla haijakatika, na eksitensheni nyingi za rahisi hazina fyuzi yoyote. Kwa hiyo kipimo bora ni mkono wako. Baada ya dakika kumi za kazi gusa plagi na waya: vuguvugu kidogo si neno, moto ni onyo. Kifaa cha joto kichomekwe ukutani moja kwa moja, na kimoja kwa wakati. Nyumba za chumba kimoja au viwili zilizopewa UMETA, kile kifaa cha umeme tayari kisichohitaji kutandaza nyaya nyumba nzima, ziwe waangalifu zaidi. Kilikusudiwa taa, simu, redio na vitu vya namna hiyo.

Udanganyifu wa nyaya nao upo sokoni. Kuna waya unaouzwa kwa jina la shaba ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hivyo waya huo wa unene ule ule unapata joto zaidi, na kwenye viungio unalegea upesi. Kuutambua si vigumu: ukate, kisha ukwangue ncha kwa kisu. Ukiwa mweupe katikati, mrudishie mwenye duka. Alama ya TBS, shirika la viwango, kwenye boksi ni mahali pa kuanzia, lakini kisu kinasema kweli hata pale alama ilipoghushiwa.

Kabla sijaacha plagi, kuna tabia moja inayonitia uchungu kila ninapoiona. Soketi zetu za matundu matatu ni za mtindo uliowekwa Uingereza mwaka 1947. Mguu wa juu wa plagi, ule wa ethi, ulifanywa mrefu kwa makusudi: unatangulia kuingia na kufungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme. Mtoto akiingiza msumari chini, anakuta pamefungwa. Tunapokuwa na plagi ya miguu miwili tunachukua kijiti, kalamu, au hata mpini wa kijiko, tunakisokomeza kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunachomeka. Halafu kijiti kinabaki humo kwa miezi. Tumeuondoa ulinzi ambao watoto wetu walipewa na watu wasiowajua, na tumewafundisha, wakituangalia, kwamba soketi ni mahali pa kuchokonolewa. Adapta halisi ni ya bei ndogo. Inunuliwe.

Tuje kwenye shoti yenyewe. Kinachoua ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini na njia unayoipita. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima katikati ya karne iliyopita ni mkondo gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia kitu alichokishika, kwa sababu misuli ya mkono inajikaza yenyewe. Alipata wastani wa miliampea 16 kwa wanaume na karibu 10.5 kwa wanawake. Ukipita miliampea 50 na kuelekea 100 kupitia kifuani, moyo unaweza kuacha mapigo yake na kutetema ovyo bila kusukuma damu. Hivyo ni viwango vidogo mno. Draya yenyewe inatumia ampea karibu 8, yaani miliampea 8,000. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, mara nyingi maelfu mengi ya omu, na ndiyo iliyowaokoa wengi wetu tuliowahi kuguswa. Ngozi iliyoloa inaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000: miliampea 230.

Kwa hiyo msusi mwenye mikono yenye maji, aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyoloa, amejiondolea kinga zake mbili pamoja. Kandambili za mpira na taulo la kufutia mikono kabla ya kugusa swichi vinarudisha sehemu kubwa ya kinga hiyo. Na draya ikianguka kwenye beseni, usiidake wala usiifuate majini. Hata ikiwa swichi yake imezimwa, umeme bado uko ndani yake hadi kwenye swichi, maadamu plagi iko ukutani. Wamarekani walilijifunza hilo kwa vifo: mwanzoni mwa miaka ya 1980 draya zilizoangukia majini ziliua kwa wastani watu karibu 18 kila mwaka nchini humo, mpaka draya zilipowekewa plagi inayokata umeme maji yanapoingia. Kwetu mabafu ya kulala ndani ni machache. Kifaa kinachostahili hofu hiyo ni hita ya chuma inayozamishwa kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Kila siku kuna mtu anayetumbukiza kidole kuona kama maji yamepata moto, hita ikiwa inafanya kazi. Zima, chomoa, ndipo utie mkono. Na ndoo hiyo ikae juu, mahali mtoto asipofika.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kimbilia swichi kubwa kwanza. Ikiwa iko mbali, msukume kwa kitu kikavu cha mti au plastiki, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akishatoka kwenye umeme na hapumui, mlaze chali mahali pagumu na uanze kumbana kifua katikati kwa viganja viwili, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata aliyeamka na kusema yuko salama apelekwe kituo cha afya, maana moyo unaweza kuyumba baadaye. Ikiwa ni moto, kata umeme kwanza, tumia mchanga mkavu, usimwage maji juu ya kifaa chenye umeme. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini gari likitoka Tabora mjini kwenda Puge lina zaidi ya kilomita 50 za kukata, na nyumba haisubiri kiasi hicho.

Limebaki jambo la ethi, na hapa ardhi ya Unyamwezi, nchi hii ya Tabora, ina neno lake. Pasi, friji na jagi lenye mwili wa chuma vina waya wa tatu, wa kijani na manjano, unaokwenda hadi kwenye nondo iliyozikwa nje ya nyumba. Waya wa moto ukichubuka na kugusa mwili wa chuma, umeme unatakiwa ukimbilie ardhini kwa nguvu kiasi cha kuiangusha breka. (Draya nyingi hazina waya huo, zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimekingwa kwa tabaka mbili za plastiki.) Lakini ardhi nayo ina ukinzani. Udongo mweusi wa mbugani hushika unyevu na kupitisha umeme vizuri. Udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, hukauka kiangazi mpaka chini. Tuseme nondo yako fupi kwenye kichanga kikavu ina ukinzani wa omu 100. Volti 230 zitapitisha humo ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 20 haitatikisika. Mwili wa friji utabaki na umeme siku nzima, ukimsubiri mtu mwenye mkono uliolowa, na mwenye nyumba anaamini ana ethi kwa sababu aliiona nondo ikizikwa.

Dawa yake ipo, na asili yake ina sehemu ya Afrika. Miaka ya 1950 huko Afrika Kusini, mhandisi Henri Rubin alitengeneza vifaa vya kukata umeme unapovuja, vikianza na mahitaji ya migodi ya dhahabu na kufika kwenye nyumba za watu. Dalziel naye akafanya cha kwake Marekani miaka ya 1960. Mafundi wetu wanakiita RCCB. Ndani yake waya wa kwenda na wa kurudi hupita pamoja katikati ya pete ya chuma. Umeme uliokwenda ukiwa sawa na uliorudi, pete haihisi kitu. Ukipungua hata miliampea 30, maana yake kuna mahali unakotorokea, pengine kupitia mwilini mwa mtu, na swichi inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haihitaji ethi nzuri: hata kwa omu 1,000, miliampea 30 zinazalisha volti 30 tu kabla haijakata. Kwa nyumba zilizojengwa juu ya kichanga sioni kifaa kingine chenye faida kubwa zaidi kwa bei yake, na ningekitanguliza kabla ya runinga. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe mara kwa mara, kikikataa kukata kibadilishwe.

Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Vishoka, mafundi wasio na leseni, wapo kila mahali na wengine wana mikono mizuri, lakini wachache wao wana kipimo cha ethi, na nondo isiyopimwa haina tofauti na kigingi cha kufungia mbuzi. Mafundi wengi huitwa nyumba inapomalizika, mara nyingi ardhi ikiwa bado mbichi kwa mvua, na kipimo kinasoma vizuri kuliko ukweli wa mwaka mzima. Tabora mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Aitwe Oktoba, udongo ukiwa mkavu kabisa, apime nondo katika hali yake mbaya kuliko zote. Akikuta inazidi kipimo, aongeze nondo ya pili mbali kidogo na ya kwanza, aziunganishe kwa waya wa shaba, apime tena mwenye nyumba akiwa amesimama hapo anaona.